Spika ya Bibi Ollerton

Joanne alikileta kile kisanduku Jumapili baada ya misa, ndani ya mfuko mmoja na sambusa, na Santan alipokiona tu alishtuka. Kilikuwa kidogo, cheupe, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, kina taa moja ya kijani na vitundu vidogo vidogo mbele. Mtu mwingine angeona kifaa cha dukani. Santan, ambaye ujanani alifunga spika katika nyumba za watu mamia kwa mamia, aliona sikio.

"It's just for safety, Papa," Joanne alisema, huku akiinama kutafuta pa kukichomeka. "Mami akianguka, ama mtu akipiga kelele, inanipigia simu. Siku kumi tu. Halafu yule mama wa assessment, wa kukagua kama bado mnajiweza, anakuja, tunaongea."

"Inasikia kila kitu?"

"Inasikia tu kelele ya hatari."

"Spika haijui kuchagua, mwanangu."

Joanne alicheka. Ana miaka hamsini na mitatu, anaendesha kliniki ya meno, na bado hucheka akiambiwa neno na baba yake kana kwamba ameambiwa na mtoto. Akachomeka waya wa umeme, akachomeka na mwingine kwenye tundu la zamani la simu ukutani, akala sambusa mbili, akaondoka. Zelia, mama yake, alikuwa dirishani akitazama theluji ikianguka juu ya maghorofa ya Crescent Town, mtaa wao wa ughaibuni, amevaa vizuri, ametulia, anatabasamu. Bila shaka alitulia, maana ilikuwa saa tano asubuhi.

Hiyo ndiyo siri aliyoibeba Santan mwaka mzima. Asubuhi Zelia alikuwa mke wake wa miaka hamsini na saba, anamkemea kwa kuacha vikombe ovyo. Ikifika saa kumi alasiri alikuwa mtu mwingine. Kwanza Kiingereza kilimtoka, kisha kile Kikonkani chake kichache cha mababu, akabaki na Kiswahili cha uwanjani Nakuru alikokulia, na kwa Kiswahili hicho alimwuliza mumewe: wewe ni nani, na nani amekuruhusu kuingia nyumbani kwangu? Joanne hakujua. Santan alihakikisha ziara zote ni za asubuhi, simu zote ni za asubuhi, na jirani akiuliza, Zelia amelala. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Santan alikuwa bingwa wa kuwasomea wenzake methali hiyo kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Lakini kushauri ni rahisi. Alijua Joanne akisikia, Zelia atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na yeye atabaki peke yake ghorofa ya kumi na nne, hana wa kumpikia chai wala wa kumkemea. Hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Basi siku ile saa kumi ilipokaribia alimchukua Zelia chumbani, akafunga mlango, akaweka taulo chini ya mlango. Zelia aliposema, "Wewe ni nani, bwana?" alimjibu kwa kunong'ona. Kunong'ona ndiko kulikoharibu zaidi. Mwanamke gani asingeogopa, amefungiwa chumbani na mwanamume asiyemjua, tena anayenong'ona? Zelia alilia mpaka saa moja usiku.

Jumatatu, ameketi kwenye kiti, Santan alikitazama kile kisanduku nacho kikamtazama. Alikuwa na sababu ya kukiogopa ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka wa sitini na mbili alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, ametoka Kenya kwenda kusoma Uingereza, na ada ilipomshinda akapata kazi ya ufundi katika kampuni ya redio za waya, kwenye mji mmoja wa viwanda kule kaskazini. Siku hizo katika mitaa ile watu wengi hawakununua redio, walikodi sauti. Kampuni ilikuwa na mitambo yake katikati ya mji. Mitambo ilinasa stesheni, kisha sauti ikasukumwa kwenye nyaya zilizotambaa chini ya mapaa, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima. Ndani ulipewa spika ya mbao na swichi moja kando ya dirisha, yenye herufi A, B, C na D. Ulizungusha, ukasikia. Hakuna mikwaruzo, hakuna kutafuta stesheni. Baadaye televisheni nazo zikaja kwa njia hiyo hiyo, na mtaa mzima ulijazana sebule moja, mapazia yamefungwa mchana kweupe, watoto sakafuni, kina mama wameshika sufuria za viazi wasivyomaliza kumenya.

Alipomfungia televisheni Bibi Ollerton, mjane wa mchimba makaa, alimkuta amepaka poda na kuvaa mkufu. Mama yule aliamini kwamba msomaji wa habari anamwona. Santan alicheka njia nzima hadi stoo. Alikuwa kijana, na ujana una ujinga wake.

Kumbe Bibi Ollerton alikosea sanduku tu. Msimamizi wa mafundi alimfundisha Santan jambo ambalo wateja hawakuambiwa: spika ukiikatia muziki inageuka kipaza sauti. Mwishoni mwa kila mtaa kulikuwa na boksi la nyaya. Fundi akitaka kujua waya upi unakwenda nyumba ipi, alikata matangazo, akagusisha ncha mbili kwenye visikizi vya masikioni, akangoja mlango ugongwe au mtoto alie. Ndivyo kazi ilivyofanywa. Na siku moja ya mvua, akiwa amechuchumaa kwenye boksi lile, Santan alimsikia Bibi Ollerton akimwambia mumewe aliyekufa miaka minne nyuma kwamba chakula kinapoa, aje mezani, aache ukaidi.

Angevua visikizi. Hakuvua. Alisikiliza robo saa, na wakati wa chai akawaigizia mafundi wenzake sauti ya yule mama, wakaangua vicheko. Mmoja akaipeleka hadithi hiyo baa, baa ikaifikisha kwa mwenye nyumba wa yule mama. Haukupita mwezi, Santan akatumwa kuifungua ile spika kwa sababu mteja amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mezani palikuwa na sahani mbili. Alifungua skrubu nne, akaaga kazi wiki iliyofuata, na miaka sitini na mitatu baadaye bado alikuwa akiziona sahani zile.

Sasa mkono wa mtu mwingine ulikuwa umemfungia spika yeye.

Jumatatu hiyo hiyo alikwenda kwenye droo, akatoa bisibisi. Kisanduku hakukigusa, maana Joanne angegundua. Alifuata waya, kama alivyofundishwa: usihangaike na spika, hangaika na waya. Alifungua kifuniko cha lile tundu la simu, akachomoa nyuzi mbili, akazizungushia utepe, akarudisha kifuniko na skrubu zake zikiwa zimenyooka sawasawa. Ile taa ya kijani ilibaki ikiwaka. Santan hakutishika. Taa ni ya umeme. Sauti hupita kwenye waya, na waya sasa ulikuwa umekufa. Hata hivyo alijaribu. Alikisogelea mpaka pua ikakaribia vile vitundu, akasema, "Joanne, ukinisikia, nipigie simu."

Akangoja. Alihesabu dakika kumi kwenye saa ya jikoni. Simu haikulia.

Siku mbili zilizofuata alipumua. Alasiri hakumfungia Zelia tena chumbani. Alirudia mbinu yake ya zamani, ambayo wakati mwingine ilifaulu.

"Wewe ni nani?" Zelia alimwuliza siku ya Jumanne, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Nani amekufungulia mlango? Mume wangu yuko njiani. Akikukuta humu atakuua."

"Mimi ni fundi wa redio, mama. Nimekuja kutengeneza redio. Nikimaliza naenda."

"Tengeneza haraka."

Alipiga magoti pembeni ya kabati akijifanya anachokonoa waya, saa nzima, magoti yakimwuma, huku mke wake akimlinda kwa macho. Jumatano mbinu haikufaulu. Zelia alikimbilia mlangoni bila viatu, akigonga na kuita majirani waje wamwokoe, na Santan akasimama mbele ya mlango ameukinga kwa mwili wake, akisema polepole Zeli, Zeli, ni mimi. Kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kumwogopesha. Zelia alipochoka na kusinzia kwenye sofa, Santan alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akamwambia yote: Bibi Ollerton, visikizi, sahani mbili, kicheko. Akamwambia kwamba anaogopa. "Wakikuchukua, mimi nitamwongelesha nani? Nitakuwa kama yule mama." Zelia hakusikia neno. Ndiyo maana alithubutu kumwambia.

Alhamisi saa nne asubuhi Joanne alibisha hodi. Siku ya kazi. Santan alipoona macho yake mekundu, alishika fremu ya mlango.

"Papa, kaa chini."

"Mami yako ni mzima. Muulize mwenyewe."

Zelia alitoka jikoni na sahani ya mkate, amechana nywele, akambusu binti yake na kumwambia amekonda. Asubuhi njema kuliko zote. Santan alimshukuru Mungu kimoyomoyo, mapema mno.

Joanne alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani. "Ile waya uliyokata, simu yangu ilinionyesha, ilikuwa ya akiba tu. It has its own line ndani, Papa, kama simu ya mkono. Ilikuwa inasikia siku zote."

"Lakini nilikuita. Nilisema unipigie."

"Nilisikia." Aliitazama ile simu mezani. "Nilikuwa na simu mkononi. Nilijua nikipiga tu, hutasema tena kitu. So I kept quiet. I'm sorry."

Santan alijua vizuri jinsi mtu anavyoshindwa kuvua visikizi. Hofu aliyoikimbia mwaka mzima ilikuwa imekaa mezani pake, na hakuna bisibisi ya kuifungua. Alianza kubisha hata hivyo, kama mtu anayezama: ilikuwa siku moja mbaya tu, mama yako alikuwa na homa, watu wa kisanduku wanachanganya sauti za nyumba tofauti. Njia ya mwongo ni fupi. Joanne alichoka kumsikiliza, akagusa simu.

Chumba kikajaa sauti ya Jumatano. Ngumi mlangoni. Mwanamke akilia kwa Kiswahili, akiita majirani, akisema kuna mtu ndani, hamjui, amemzibia mlango, jamani nisaidieni. Na sauti ya mwanamume, chini chini, ikirudia jina lake.

"Zima," Santan alisema. "Zima, anasikia."

Lakini Zelia alikuwa ameshaiweka chini ile sahani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, uso umebadilika. Watu wengi hawaijui sauti yao ikitoka nje yao, na Zelia hakuijua. Aliisogelea simu, akaweka kiganja juu ya meza karibu nayo, kama anayetaka kumshika mtu bega.

"Maskini," alisema. "Huyu mama ni nani?"

Joanne aliipunguza sauti, Zelia akaendelea kusikiliza.

"Anaogopa jamani. Msikie. Amefungiwa na mtu asiyemjua." Akamgeukia mumewe, akamtazama vizuri machoni, akamwita kwa jina lake. "Santan, tangu lini huyu mama analia hivi?"

"Tangu mwaka jana," Santan alisema.

"Mwaka mzima! Na wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, Zeli."

"Ukakaa tu?" Alikuwa amekasirika kwelikweli, ile hasira yake ya vikombe, ila kubwa zaidi. "Hukumwita hata mtu mmoja akamtoe pale?"

Kwa mwaka mzima Santan alidhani hofu ya nyumba ile ni yake peke yake. Ilikuwa hofu ya kubaki, ya kikombe kimoja, ya kuzungumza na ukuta. Kila alasiri mke wake alikuwa akiogopa mbele yake, miguu mitupu, na yeye aliwaza tu kwamba Joanne asijue. Aliona aibu iliyomchoma kuliko ile ya mwaka wa sitini na mbili, maana safari hii hapakuwa na ujana wa kuusingizia.

Alinyanyuka kwa kushika meza. Bado aliogopa, tena sana.

"Joanne, mpigie yule mama wa assessment," alisema. "Mwambie asingoje siku kumi. Aje leo, saa kumi alasiri, asije asubuhi."

Joanne alichukua simu akaenda nayo kwenye korido. Zelia alimshika mumewe mkono, ameridhika kwamba sasa kuna jambo linafanyika.

"Na wamtafutie mahali pazuri," alisema. "Si popote tu."

"Pazuri, Zeli," Santan alijibu. "Nitakwenda kupaona mwenyewe kwanza."