Puan ya Thenzawl na Mkasi wa Tantine

Jamani, hii hamtaamini, lakini imetokea hapa hapa Sydney, Jumamosi iliyopita, mchana kweupe.

Ketsia, Mkongo wetu, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Toongabbie, na shoga yake wa shifti ni Puii, Mmizo wa Thenzawl. Ni kamji ka milimani India, ukipita kila nyumba wanafuma, ta-ka-ta, ta-ka-ta. Wakipumzika tu, Puii anatoa simu: ona maporomoko yetu ya Vantawng! Ona bustani ya kulungu! Ameahidi kumpeleka Ketsia Disemba, na Ketsia ameshatangaza kanisa zima.

Basi kaka yake Puii akawa anaoa. Puii akamletea Ketsia kitambaa cha kufumwa kwa mkono, chekundu, maua hadi raha.

"Hii inaitwa puan. Utavaa harusini."

Sasa Mkongo ukimpa kitambaa cha harusi, unategemea nini? Ketsia huyo, mbio mpaka St Marys kwa shangazi yake, Tantine Marie-Jeanne, fundi ambaye akiona kitambaa kizima anaumwa.

"Tantine, nishonee kitu cha kuua watu."

"Weye tulia. Mikono nitapandisha mpaka kwa masikio!"

Kwacha, kwacha. Kimekwenda.

Asubuhi ya harusi Ketsia kashavaa, mabega yamefura kama maputo, sauti ya Puii ikaingia kwenye simu: "Usisahau, puan haishonwi, unajifunga tu kiunoni. Chunga sana. Aliifuma bibi yangu, na mama anaipenda kuliko sisi wanawe."

Ketsia akamgeukia Tantine, aliyekuja kumvalisha na kumsindikiza harusini. "Tantine, tumekwisha!"

"Tumekwisha na nani? Miye nilishona, sikuiba."

Mlangoni mwa kanisa Puii akamwona. Machozi yakamlenga.

"Umeikata?"

"Puii, dada yangu, kwetu kitambaa cha harusi..."

"Usiniite dada."

Mara akatokea mama yake Puii, aliyefika juzi kutoka Thenzawl. Akamzungusha Ketsia polepole. Akabonyeza bega moja, likarudi juu, pwii! Mama akaangua kicheko, akashusha Kimizo kirefu huku anafungua mkoba.

"Anasemaje?" Ketsia akauliza.

"Sitafsiri."

Mama akampiga Puii kiwiko.

"Anasema..." Puii akautupia jicho mkoba wa mama yake. "Anasema naye anataka mabega kama hayo."

Mama akatoa puan nyingine, ya zamani kuliko ile, akamkabidhi Tantine. Na Tantine bila aibu, mkasi huo nje, katikati ya wageni!

"Ketsia," Puii akanong'ona, "ikikatwa na hii, urafiki basi. Na Thenzawl usahau."

Mama kamshika Ketsia mkono, anatabasamu, anangoja aitikie.

"Nikate ao nisikate?" Tantine anauliza. "Semeni, harusi inaanza!"

Wote watatu wanamtazama Ketsia.

Haya, ingekuwa wewe, ungemjibu nini Tantine?