Mvumo wa Mashine ya Dada Mkubwa

Fundi Waya alikuwa hawezi kukaa. Kiti kilikuwepo palepale mbele ya meza ya kazi, kimebonyea katikati kwa kukaliwa miaka nenda rudi, lakini tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka alikipita tu kama mtu anavyompita jirani aliyekosana naye. Alikwenda dirishani, akarudi. Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Alitoka nje kutazama kama mvua itanyesha, na anga lilikuwa jeupe pe.

Mtetemeko ulianzia kwenye kidole gumba cha kulia, kama mzaha. Kisha ukashika kiganja kizima, ukahamia na mkono wa kushoto. Kwa mtu wa kazi nyingine pengine ungekuwa usumbufu mdogo, lakini huyu alikuwa fundi redio, mtu wa kugusisha chuma cha moto kwenye nukta isiyozidi punje ya mtama. Wateja aliwaambia kwamba macho yamechoka, anayapumzisha. Wateja wakapungua. Aliyejua ukweli ni mkewe tu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mikasi, naye alikuwa ameapishwa asimwambie mtu. Walifanyia kazi chumba kimoja cha mbele: redio upande huu, cherehani upande ule.

Basi Jumatatu asubuhi dada mkubwa wa Fundi Waya akateremka kwenye teksi na mashine ya santuri iliyofungwa kwa shuka. Ilikuwa ile ya zamani, sanduku la mbao lenye kifuniko, na ndani yake taa za kioo zinazowaka rangi ya kaa. Aliinunua alipokuwa msichana, mpiga chapa ofisini, na mdogo wake alikuwa akichuchumaa nyuma ya sanduku hilo kuchungulia zile taa kupitia matundu ya hewa mpaka aitwe kula. Ufundi wake wote ulianzia pale.

Sasa mashine ilikuwa inavuma. Ukiiwasha tu, hata kabla sindano haijagusa santuri, ilitoa mvumo mzito kama mzinga wa nyuki, na mwimbaji akaimba kama yumo ndani ya pipa. Dada mkubwa alikuwa anahama. Lori lingekuja Jumamosi. Vyombo vingi alikwishavigawa, ila hiki hakuwa tayari kukigawa, wala kukibeba kikiwa kibovu. Alieleza yote hayo amesimama, mkoba begani, maana naye ni wa damu ileile isiyotulia.

Fundi Waya alikuwa ameficha mikono mifukoni. "Acha hapa, dada," alisema. "Kazi ndogo hii."

Mikasi alinyanyua macho kutoka kwenye pindo la sketi, akamtazama mumewe, akayarudisha kwenye pindo.

Ugonjwa wa mashine Fundi Waya aliutambua kwa sikio. Umeme wa ukutani hauji umetulia. Unapanda na kushuka, na zipo kapasita mbili nene ambazo kazi yake ni kuunyoosha. Zikikauka kwa uzee, ule mpando na mshuko unapenya hadi kwenye spika. Kuzibadilisha ni jambo la asubuhi moja. Lakini alipokishika chuma cha kulehemia, kilimponyoka kikalamba waya wa pembeni, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua.

Mikasi alizima cherehani, akaja, akakichukua kile chuma mkononi mwake.

"Nielekeze," alisema.

"Wewe unashona nguo."

"Nashona hariri na alama haibaki. Nielekeze."

Somo la kwanza halikuwa kulehemu, lilikuwa kutokufa. Alimweleza kwamba mashine ya namna ile hata ukiichomoa ukutani, kapasita zinabaki zimeficha umeme tumboni, na lazima utolewe kwanza kupitia rezista, kile kipande kinachozuia umeme usipite kwa kishindo, polepole. Akamwambia afanye hivyo kwa mkono mmoja, wa pili autie mfuko wa nyuma usije ukagusa chuma. Mikasi akamkumbusha kwamba gauni halina mfuko wa nyuma. Basi ashike kiuno. Akashika kiuno, akautoa ule umeme akiwa amesimama kama mtu aliyekuja kugombana.

Kazi ngumu ilikuwa maneno. Mambo ambayo mikono ya Fundi Waya iliyajua miaka yote hayakuwahi kuhitaji kusemwa, na sasa hakujua ayaiteje. Alisema "pale," Mikasi akauliza pale wapi. Alisema "taratibu," kumbe alitaka haraka. Alihama kulia akamkinga mwanga, akahama kushoto akampiga kiwiko. Mkewe akamwambia anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akacheka kidogo, akatulia kwa muda wa pumzi tatu, akaanza tena kuzunguka. Na kila siku dada mkubwa alipiga simu, na kila siku alijibiwa kwamba mambo yanakwenda.

Ijumaa kapasita mpya zilikuwa zimekaa mahali pake, na viungo vyake vinang'aa. Wakawasha. Taa zikapata joto, wakasubiri. Mvumo mzito ulikuwa umekwisha. Lakini chini yake ulibaki mwingine mwembamba, mkavu, ambao mwanzoni ulifunikwa na ule mkubwa.

Fundi Waya alihisi hasira zinampanda mpaka masikioni. Alimwelekeza mkewe azime, kisha azisokote pamoja nyaya za kupashia taa joto, na Mikasi akazisokota kama uzi wa kushonea ngozi. Wakawasha. Mvumo ukapungua unyuzi tu. Akakisia hili, akakisia lile, na yote hayakuwa. Kesho ni lori. Alizunguka meza, akaenda mlangoni, akarudi, na aliporudi akaona mkono wa sindano umeachwa bila kufungwa kwenye kishikio chake, akanyoosha mkono wake mwenyewe aurudishe.

Mvumo ukakatika. Ukarudi. Ukakatika, ukarudi, mara kwa mara, haraka haraka. Kidole chake kilikuwa kinatetemeka juu ya ule mkono wa chuma, kikigusa, kimya, kikiachia, mvumo.

"Usiondoe," Mikasi alisema.

"Ni ethi," alisema mumewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu. "Waya wa ethi wa huu mkono, ule wa kuupeleka chini umeme wa ziada, umekatika. Mwili wangu ndio unaokaa badala yake."

Walikuwa wameinama hivyo, wote wawili, wakati dada mkubwa aliposimama mlangoni. Alikuwa amechoka kupiga simu. Aliiona meza, akaona chuma cha kulehemia mkononi mwa wifi yake, kisha akasikia spika, kata na rudi, kata na rudi, akafuata ile sauti kwa macho mpaka kwenye kidole cha mdogo wake.

Fundi Waya aliuondoa mkono, na mvumo ukakaa moja kwa moja.

"Tangu lini?" dada mkubwa aliuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Na wewe, wifi, ulijua."

"Nilijua," Mikasi alijibu. "Alinikataza nisiseme, na ni mume wangu."

Dada mkubwa aliweka mkoba chini. "Siku uliyozaliwa ni mimi niliyekupokea kwa mkunga nikakufunga kitambaa," alimwambia mdogo wake. "Leo unanificha mikono?"

Fundi Waya alitoka. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kwenye duka la vipuri, akapita tena, mwenye duka akadhani amepoteza kitu. Ndani, Mikasi alichomoa plagi, akatoa umeme wa kapasita ameshika kiuno kama alivyofundishwa, akautafuta ule waya mwembamba kama unywele uliokatika chini ya mkono wa sindano. Dada mkubwa alimshikia taa. Katika miaka yote ya uwifi wao hawakuwahi kukaribiana kiasi kile bila kuchomana kwa maneno.

Aliporudi, Fundi Waya alisimama kizingitini akitega sikio, asisikie mvumo wowote.

"Mmeizima?" aliuliza.

"Inawaka," mkewe akasema.

Aliinama akachungulia matundu ya nyuma. Ni kweli, taa zilikuwa zinawaka. Akabaki ameinama hivyo kwa muda, akijifanya anakagua.

Lori liliondoka Jumamosi na mashine ndani yake, imeviringishwa kwa blanketi. Dada mkubwa hakuondoka nalo. Alibaki mpaka Jumatatu, akamsindikiza mdogo wake hospitali kwa mguu wake mwenyewe, maana alijua akiambiwa aende peke yake ataishia njiani. Daktari alisema ugonjwa una jina na una vidonge, kupona hakuahidi. Zipo asubuhi Fundi Waya anashika kikombe vizuri, na zipo ambazo anakiacha mezani mpaka chai ipoe.

Wateja wamerudi, kwa kuwa dada mkubwa ana mdomo na simu. Mume husikiliza na kuelekeza, mke hulehemu, na hugombana kutwa kuhusu maana ya "pale". Akimchosha sana, Mikasi humtuma akanunue uzi apate kupumua. Naye huenda, lakini hafiki mbali. Hugeuka njiani, akarudi kuuliza kama amekumbuka kuchomoa plagi.