Kituo cha Kumi na Mbili, Mbele ya Kizuizi

Mama Bwalya alikuwa na mdomo mkali kuliko patasi ya mume wangu Mbuyi, nami sikumpenda. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati ya kanisa letu, na ndiye aliyelikataa bamba la shaba ambalo Mbuyi alilifua mwezi mzima: Yesu msalabani, kituo cha kumi na mbili cha Njia ya Msalaba. Shaba hufuliwa kwa nyuma, kwa hiyo kulia hutokea kushoto. Mbuyi, fundi wa shaba kwa miaka ishirini, alisahau, na jeraha la mkuki likatokea ubavu wa kushoto badala ya kulia.

"Baba Mbuyi, hii njo kazi ya mutoto," Mama Bwalya alisema mbele ya watu. "Rudisha ku nyumba."

Bamba likakaa nyuma ya kabati. Mimi nikanuna hadi Kwaresima.

Mwaka ule wa 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, tulikuwa tunafukuzwa Katanga. Kwamba mimi na Mbuyi tulizaliwa humo humo, Lubumbashi, haikusaidia kitu. Vijana waliweka magogo mwisho wa barabara yetu, wakachoma nyumba mbili. Aliyefika stesheni kupanda treni ya Kasai alipona, lakini kufika ndiyo ilikuwa kazi, maana wanaume walikamatwa pale kwenye magogo. Siku tatu tulijifungia ndani. Nilijua wakimkamata Mbuyi sitamwona tena.

Ijumaa Kuu asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Bwalya, na nyuma yake watu kama mia wa Njia ya Msalaba, wanaimba.

"Nakuya kukamata sanamu yetu."

"Si uliikataa?"

"Leo iko muzuri. Baba Mbuyi ataibeba mwenyewe. Na we Delphine, kuya. Usibebe hata mufuko, batajua."

Tukaingia katikati ya watu. Kwenye kizuizi cha magogo tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kituo cha saba. Kijana mwenye panga akamkazia Mbuyi macho.

"Ule Mukasai anaenda wapi?"

Mama Bwalya akanyakua bamba mikononi mwa mume wangu, akaliinua juu. "Kituo cha kumi na mbili! Yezu anakufa ku musalaba!"

Katekista Gérard akafungua mdomo kumsahihisha. Akatazamwa na Mama Bwalya, akaufunga.

Kwenye kituo hicho kila Mkatoliki hupiga magoti na kunyamaza, wala hainuki mpaka kiongozi aseme. Watu wote wakashuka chini. Vijana wakatazamana, walibatizwa parokia hiyo hiyo, na mama zao walikuwa pale wamepiga magoti kwenye vumbi. Mmoja akavua kofia, akashuka. Wenzake wakamfuata. Akabaki yule wa panga.

"Lakini ule muntu..."

"Nyamaza! Yezu anakufa, na we unasema?"

Akapiga magoti.

Nikamshika Mbuyi mkono, tukapita pole pole kati ya migongo iliyoinama, tukayavuka magogo. Hakuna aliyegeuka. Asante sikumpa, nilikuwa nimezoea kumnunia.

Gérard alituandikia baadaye, tukiwa Kasai. Mama Bwalya aliwaweka chini karibu saa nzima, bamba juu. Alipowainua, yule kijana aliuliza Mbuyi yuko wapi.

"Mbuyi gani?" alijibu. "Sasa turudie ku kituo cha nane."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wahenga hawakusema lazima awe na mdomo mtamu. Namshukuru Mungu kila siku kwa ajili ya mwanamke yule. Na yeye mwenyewe namshukuru zaidi, Mungu anisamehe.