Ukuta wa Darasa la Pili

Jumatatu asubuhi, mlangoni mwa darasa la pili, bibi aliinama kumfunga mjukuu wake kamba za viatu. Alipoinuka aliona ukuta wa nyuma umesogea tena. Kabati la vitabu lilikuwa limebanwa, hata milango yake haifunguki.

"Nani kahama?" aliuliza.

"Pacha wa mfamasia," alisema mwalimu. "Mama yao kaja Ijumaa. Kasema hana ugomvi na mtu."

Shule ile ndogo ya serikali ilikuwa hivyo tangu ilipoandikisha watoto wa bondeni, ambao wazazi wao huchambua taka jalalani. Watu wa mtaa wa juu walianza kuwahamisha wanao mmoja mmoja, kwa adabu. Kila dawati lililobaki wazi, ukuta ulilifuata. Darasa la nne lilikuwa limeshajifumba, na ufagio wa mhudumu umo humo ndani. Afisa elimu alikuja na futi yake, akapima, akasema vyumba vinalingana na idadi ya wanafunzi.

Bibi alikuwa amezunguka shule nyingine zote. Kote aliambiwa nafasi zimejaa.

"Bibi, ukuta ukinifikia je?" aliuliza mjukuu.

"Utatoka, mke mwenzangu. Una mbavu za paka."

"Na mlango ukishakuwa mdogo?"

Bibi alichungulia ndani. Aliona kwamba mwalimu alikuwa amewahamishia wadogo karibu na mlango, na yeye mwenyewe amekaa ndani kabisa. Moyoni alimwombea dua.

Hakuondoka. Alisimama dirishani mpaka dalali wa nyumba alipokuja kumchukua mwanawe, aliyekaa dawati moja na mjukuu.

"Shikamoo, bibi," alisema dalali, akimshika mtoto mkono.

"Marahaba, baba."

Gari lilipoondoka ukuta ulianza kuja, taratibu, ukikwaruza sakafu. Watoto waliinua miguu. Mjukuu aliushika ukingo wa dawati, hakulia. Bibi aliingia, akaketi pale palipobaki wazi, magoti yakimfika kidevuni. Ukuta ukamgusa mgongo, ukasimama.

"Mwanafunzi mwenyewe kibogoyo!" alisema mtoto mmoja, na darasa zima likacheka, kwa woga.

"Meno nimeyaacha nyumbani yanalinda mlango," alisema bibi. Mwalimu akamchongea penseli.

Siku zilizofuata wazee wengine wa bondeni walikuja wakajaza madawati. Afisa elimu alipima tena, akasema shule imetulia. Bibi alijifunza kujumlisha huku ukuta ukimpumulia kisogoni, baridi kama mtungi. Kikohozi kilikuwa kimeanza kumsumbua, na kila kilipombana mjukuu aligeuka kumtazama, kisha akautazama ukuta.

Nje, magari ya mtaa wa juu yalipita getini bila kusimama. Watoto waliokuwa ndani yake waliwapungia wenzao mikono, mpaka vioo vilipopandishwa.