Siku ya Ville Morte, 404 Haikulia

Wakati wa vita ile, gari zima lilikuwa la mwenye bunduki. Gari bovu ndilo lilikuwa lako. Kwa hiyo watu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, waliyaua magari yao wenyewe: waliyapandisha juu ya matofali, wakagawa vipande kwa majirani, kabureta kwa huyu, magurudumu kwa yule. Walijiita wenye akili. Mimi Kahongya akili hiyo sikuwa nayo. Nilitaka Peugeot 404 ya marehemu baba yangu itembee.

Sababu yangu ilikuwa Beni. Mama yangu, Kanyere, alikimbilia kule kwa kaka yangu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Barabara ilibaki na malori tu, na kwenye lori abiria anapanda juu ya magunia. Mama hawezi tena kupanda juu ya kitu chochote. Kila aliyetoka Beni aliniletea ujumbe ule ule: anataka kurudi kufia kwake, siyo mbele ya macho ya mke wa kaka yangu. Nilihitaji gari lenye kiti.

Injini ya kwanza iliuawa na askari. Walilichukua gari, wakaliendesha bila oili mpaka injini ikakwama, wakatutupia mlangoni. Tukapata injini nyingine Kirumba, ndani ya 404 iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku. Ilisafiri hadi kwetu chini ya magunia ya viazi. Kasonia, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye fundi. Tuliifungua yote uani, nami nikaosha kila kipande kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikababuka. Majirani walinicheka: mjane ameacha kuosha sufuria, anaosha pistoni. Wacheke tu. Niliwaambia wazi kwamba pistoni zangu zinang'aa kuliko sufuria zao.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kifuniko cha delco, kile cheusi kinachogawa moto kwa buji, yaani plagi za injini. Cha zamani kilikuwa na ufa. Kipya kilitoka Kampala, kikipita mkono hadi mkono, na kilivuka mpaka kimefungwa ndani ya kitenge cha mwanamke nisiyemjua mpaka leo.

Siku Kasonia alipokaza bolti ya mwisho, mji ulikuwa umefungwa. Mwalimu mmoja alikuwa amepigwa risasi na askari kwenye barrière yao, kizuizi cha barabarani, na mji wote ukasema ville morte: hakuna duka, hakuna soko, hakuna gari. Hata uani hatukuthubutu kuwasha. Mji ukinyamaza hivyo, injini moja inasikika kila kilima, na watu wangesema Kahongya ametusaliti. Nilikaa karibu na gari, kapo, kile kifuniko cha mbele, likiwa wazi, nikiiangalia injini yangu. Nilikuwa sijawahi kuisikia, na nilitamani kuisikia mpaka kifua kikauma.

Komanda wa kambi aliingia bila kubisha, askari wake nyuma. Jeep zao zilikuwa zimezunguka tangu asubuhi zikitaka watu wafungue, lakini nani angefungua duka kwa kuona jeep ya askari?

"Mama, nasikia motokari yako iko tayari."

"Iko tayari. Lakini leo haitembee."

"Leo njo itatembea. Unafika ku rond-point, pale kati ya muji, unarudia. Batu baone raia anatembeza motokari, bafungule maduka. Kesho nakupatia laissez-passer, karatasi ya kupita mpaka Beni. Askari hata moja hataigusa."

Sitasema uongo, nilitamani. Nilimwona mama yangu kwenye kile kiti, mkoba wake mapajani, akilalamika kwamba Kasonia anakimbiza gari. Kisha nikamkumbuka mwalimu, na watoto wake wasiojua bado kama wamzike au wasubiri mji ufunguke.

"Na kama nakatala?"

"Naiwasha miye mwenyewe."

Akaketi kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa pale pale, Kasonia alikuwa ameuacha. Hapo hasira ilinipanda. Nikachukua nyundo kwenye sanduku, nikainama chini ya kapo, nikakipiga kile kifuniko cha delco. Kilivunjika kwa pigo la kwanza. Nikapiga tena, kwa sababu nilikuwa nalia. Kasonia alifumba macho.

Komanda aligeuza ufunguo. Stata ilizunguka, ikazunguka, injini haikushika. Akashuka, akanipiga kofi lililonilaza chini kwenye mafuta.

"Tindika!" akawaambia askari kwa Lingala, na wakaanza kulisukuma gari hadi barabarani. Walitaka kulifikisha kambini, na kambi iko juu ya kilima. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilifuata nyuma na Kasonia, shavu likiwaka moto, nikiangalia buti zikiteleza kwenye tope. Katikati ya mwinuko gari liligoma. Komanda akapiga kelele watu watoke wasaidie. Hakuna lango lililofunguka. Mwishowe akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akaacha askari mmoja, akaenda na wengine kutafuta jeep na kamba.

Walipopotea, malango yakafunguka. Wakatoka wanawake, wakatoka wanaume, na mzee Lusenge mwenye mguu mbovu. Yule askari akatuangalia, akatuhesabu kwa macho, akaweka bunduki begani, akasema anaenda kukojoa. Hakurudi.

Tukasukuma. Kazi kama ile inataka wimbo, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Zilisikika pumzi tu. Mahali askari waliposhindwa sisi tulipapita, tukapanda hadi kwa Léa, muuza vitenge, ambaye lango lake lilikuwa limeshafunguliwa. Nyuma yetu wanawake wawili walifuta alama za magurudumu kwa jembe. Tukaingiza gari, tukaingia wote, Léa akatia komeo.

Jeep ikaja. Ikasimama. Kisha tukasikia ngumi kwenye malango, moja baada ya jingine.

"Fungula!"

Hakuna aliyefungua. Mji ulikuwa umefungwa, na kufungwa ndiyo kazi pekee tuliyokuwa nayo siku ile. Ngumi ikafika kwetu, bati likatetemeka, na uani kulikojaa watu hakuna aliyekohoa. Niliogopa sana. Nilikuwa nimeushika mkono wa Kasonia kwa nguvu.

Ngumi ikahamia lango la pili.

"Shemeki," Kasonia akaninong'oneza, "delco ingine najua fasi iko. Iko Kayna. Kuko 404 moja kule, imekufa zamani."

"Ville morte ikiisha," nikamwambia, "tunaenda Kayna."