Koti la Nibio Makumbushoni

Jumanne tungehama Montevideo kwenda kuishi kwa binti yetu Uhispania, na mume wangu Wilmar alikuwa bado hasemi na mdogo wake Nibio. Kisa? Kanivali! Nibio alikiacha kikundi cha waimbaji wa mtaa wetu akaenda kuwaimbia wapinzani, na kaka yake, fundi aliyemshonea makoti yote, akamsusa. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nimelima mpaka mpini umekatika.

Basi ikafika Jumapili, siku mbili kabla ya safari, nayo ilikuwa siku ya urithi, ambapo makumbusho yote mjini huwa wazi bila kiingilio. Nikamwambia Wilmar twende tukayaage yale ya kanivali pale bandarini. Sikumwambia kwamba Nibio angekuwepo. Angesingizia mgongo.

Tulimkuta kando ya kabati la kioo lenye koti lake la zamani, la njano, akiwasimulia wageni. Wilmar alilikagua koti, ndugu yake hakumtazama.

"Kola imekaa upande," akakiambia kioo.

"Aliyeshona alikuwa na haraka," akajibu Nibio.

"Aliyevaa ana shingo ya mbuni."

Wageni wakacheka. Nibio akanigeukia. "Shemeji, kumbe mnasafiri? Habari nazipata kwa muuza samaki!"

"Ulitaka uzipate kwa nani, na nyie mmenuniana kama wake wenza? Hebu tokeni nje, miguu inaniuma."

Tukakaa kwenye benchi, mbele yetu winchi na makontena, mimi katikati. Nikatoa chupa ya maji moto kwapani nikatengeneza chai yetu chungu ndani ya kibuyu. Kibuyu cha kwanza nikanywa mwenyewe, kama ilivyo ada ya mmiminaji, kisha nikampa Wilmar, kisha Nibio.

Kwetu kibuyu ni kimoja na mrija mmoja. Anayekirudisha akasema asante ameshaaga: hanywi tena, mwacheni aende zake. Anayetaka kukaa hukirudisha kimya. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka matumaini yangu yote, maana siku nyingine hatukuwa nayo.

Nibio alivuta taratibu mpaka mrija ukakoroma. Mara wenzake wakatokea mlangoni na ngoma zao, nyuso zimepakwa rangi.

"Nibio! Njoo bwana, zamu yetu!"

Akainuka nusu, kibuyu mkononi. Akafungua mdomo. Niliogopa, nasema kweli. Nilijiona tayari ndani ya ndege na mume aliyenuna mpaka Madrid.

"Imbeni bila mimi!" akawapigia kelele.

Akaketi. Akanirudishia kibuyu bila neno, macho yake kwenye meli.

Wilmar alikohoa, akakohoa tena.

"Mjazie, Zulma," akasema. "Ndugu yangu bado anakunywa."

Nikajaza huku nalia, maji mengine yakanimwagikia gotini.