Tarehe ya Jumapili

Siku ya msiba wa mama, mdogo wangu alifika amechelewa, akalia kuliko watu wote, na kila aliyekuja kutupa pole alimkumbatia yeye kwanza. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Ninaandika haya nisije nikasahau, maana nimeanza kusahau hata upande mama aliopenda kulalia.

Mdogo wangu ni kitindamimba, na nyumbani tumemzoea kwa jina la Kitinda. Anafanya kazi mbali, ng'ambo. Mimi nilibaki na mama. Tulishona pamoja, na alipoanza kuumwa nikawa namwogesha na kumlisha, nalala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda chake. Lakini Jumapili mchana haikuwa yangu. Jumapili mchana mama alijifungia kwenye chumba cha kushonea, akakaa mbele ya kompyuta yetu kuukuu, akamrekodia Kitinda habari za wiki, michapo ya majirani na nyimbo. Kisha aliziweka mtandaoni ili mwanawe azisikilize akitoka kazini. Kicheko chake kilipenya chini ya mlango kikanikuta ukumbini napiga pasi kazi za wateja. Wiki nzima hakucheka hivyo na mimi. Mimi nilipata kikohozi na miguu iliyovimba, mwenzangu akapata nyimbo.

Miezi miwili baada ya mazishi, Kitinda alinipigia simu.

"Dada, wale wa mtandao wanaotutunzia rekodi za mama wametangaza wanafunga mwisho wa mwezi huu. Kila kitu kitafutwa! Na simu yangu niliyozisikilizia na kuzihifadhi si iliibiwa?"

"Sasa nifanye nini?"

"Neno la siri alilijua mama na ile kompyuta tu. Iwashe, ingia kwenye ukurasa wake, yenyewe inakumbuka. Tafadhali, dada yangu."

Nilimwambia nitaona. Sikumwambia kwamba nilizitaka rekodi zile kuliko yeye. Nilitaka kujua kama katika Jumapili zote hizo kuna hata moja ambayo mama alinitaja. Zikifutwa, nisingejua kamwe.

Nilifuta vumbi, nikawasha. Kompyuta ilikoroma kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nikafungua ukurasa wa mama, badala yake ukaja ukurasa mweupe wenye alama nyekundu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza lakini maana niliipata: muunganisho wako si salama, huenda kuna watu wanataka kukuibia. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka tena. Ile alama ikanikodolea macho vilevile. Niliona kama mama mwenyewe ameufunga mlango kwa ndani, kama alivyozoea kuufunga Jumapili.

Nikamwita fundi kompyuta wa mtaani kwetu, jirani tunayemwita Kebo. Alipoiona tu akashika kiuno.

"Dada, hii ingekuwa mtu ingekuwa inapokea pensheni."

"Tengeneza, acha maneno."

"Natengeneza na maneno. Ndiyo bei moja." Akainamia kioo, akasoma, kisha akacheka. "Hebu tazama tarehe pale chini. Mashine yenu iko miaka sita nyuma! Ukurasa wa mtandao una cheti chake, kama kitambulisho, na kitambulisho kina tarehe. Sasa mlinzi wako hapa anaangalia kitambulisho kinachosema kimetolewa mwaka huu, na yeye kwa akili yake mwaka huu haujafika. Atakuruhusu vipi?"

Akapeleka mkono kwenye tarehe. Nikaudaka.

"Usiguse! Hiyo tarehe ni ya kazi."

Ilibidi nimweleze. Tuna cherehani ya kudarizi, na programu yake ya kuchorea maua kwenye kompyuta ilikuwa ya majaribio. Ilitakiwa ife baada ya mwezi, na ya kununua hatukuiweza. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukirudisha tarehe nyuma haifi. Basi kila mwezi ulipokaribia kuisha, mimi na mama tuliirudisha mwanzo. Mama alizima redio kabisa, kana kwamba mtangazaji angetusikia akatusema. "Leo tumezaliwa upya," aliniambia, na tulicheka kidogo. Lilikuwa jambo letu sisi wawili. Katika nyumba ile sikuwa na jingine la kwetu wawili tu.

Kebo akakuna shingo. "Sawa. Lakini kwa tarehe hiyo, huo ukurasa usingefunguka hata siku moja. Mama alikuwa anaingiaje?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Nikachukua simu, hata salamu sikutoa.

"Kitinda, nani alimfundisha mama kubadilisha tarehe?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, dada. Jumapili anaifunga programu ya maua, anaweka tarehe ya kweli, anarekodi. Akimaliza anairudisha kama mlivyoiacha. Alisema nisikuambie, ungeogopa programu isije ikafa. 'Dada yako akijua, atanipigia kelele mpaka Jumatano.'"

Kebo alijifanya anachunguza waya. Mimi nilisimama pale na simu sikioni, nikamuona mama Jumapili baada ya Jumapili, na vidole vyake vilivyovimba, akitoka kwenye mwaka wetu na kwenda kwenye mwaka wa leo kuonana na Kitinda. Jioni alirudi kwangu, kwenye tarehe ya uongo, tukadarizi. Hata ile siri niliyodhani ni yangu, nusu yake ilikuwa ya mwenzangu.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Umekasirika."

"Nielekeze tu nifanye nini."

Nikaiweka simu kwa sauti ya nje ili Kebo naye asikie. Akafunga programu ya maua, akaweka tarehe ya siku ile, akajaribu. Alama nyekundu ikarudi. Nikaitukana kimoyomoyo. Kitinda akauliza kwenye simu, "Mnafungulia mtandao kwa kivinjari kipi? Kile cha bluu? Hapana, hicho kimezeeka na kompyuta yenyewe. Kuna kingine nilimwekea mama, kiko ndani ya folda ya maua."

"Na hilo pia alilificha kwenye maua," nikasema.

"Hicho kinatembea na orodha yake ya vyeti," Kebo akaeleza, "hakitegemei kumbukumbu za huyu mzee." Akakifungua. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukakubali. Majina ya rekodi yakashuka kwenye kioo, yote yameandikwa "Jumapili" tu. Kebo akaanza kuzihamishia kwenye flashi, akaaga, akasema atapitia kesho kuchukua ujira wake.

Nilibaki na Kitinda kwenye simu. Nikafungua moja bila kuchagua.

Mama alikuwa anaeleza habari ya jirani aliyenunua kiti cha plastiki akakirudisha dukani kwa sababu kinalia akikaliwa. Alisimulia vizuri, na sauti za watu wote aliziiga. Mimi kisa hicho hakunisimulia. Kisha nikasikia sauti ya mtu mwingine, kwa mbali, kavu: "Mama, njoo uoge, maji yatapoa." Mama akasema, "Haya, mwanangu, naitwa," na rekodi ikakatika.

Nikafungua nyingine. Wimbo, nusu yake. "Mama, maji." Ikakatika. Nyingine vilevile. Jina langu halikutajwa. Nilichokipata ni sauti yangu mwenyewe, inafunga kila kitu.

"Zote zinaishia hivyo," Kitinda akasema taratibu. "Ulikuwa hujui? Nilikuwa nakaa kitandani baada ya zamu, nasikiliza, na najua sasa hivi utaita. Dada, nilikuchukia wewe na maji yako ya moto. Ukiita tu, anainuka. Hakuwahi kukuambia subiri kidogo namalizia na Kitinda. Hata mara moja!"

Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeonea gere wengine.

Chini kabisa kulikuwa na rekodi moja ndefu kuliko zote, yenye alama kwamba haikutumwa. Nikaifungua. Mama aliimba kidogo, nikaita, akaitika, kiti kikasogea. Lakini rekodi haikukatika, alisahau kuizima. Chumba kikabaki kitupu, na kwa mbali, kutoka bafuni, maji yakimwagika, mama akilalamika kwamba sabuni imeruka, mimi nikiifukuza sakafuni, kisha sisi wawili tukicheka. Mama alicheka kile kicheko cha chini ya mlango.

Niliizima haraka.

"Hiyo nini?" Kitinda akauliza. "Hiyo sijawahi kuisikia. Niwekee, dada."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha mama ambacho yeye hana, na mkono wangu ulikuwa mzito. Angeweza kuisubiri. Ningeweza kusema ni kelele tu, chumba kitupu. Nilimsikia akipumua, hanihimizi.

Nikaisogeza simu karibu na spika, nikaianza tena mwanzo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Kumbe mlikuwa mnacheka kiasi hicho?"

"Mara nyingine."

"Ilikuwa Jumapili gani? Sabuni iliingia wapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Niliuona mlango wa bafu, ndoo, taulo lake la kijani. Siku yenyewe haikuja.

"Sijui, Kitinda," nikasema. "Niirudie?"

"Irudie."